Chupa ya Maili ya Ishirini

"Nipumulie," Sanelma alisema.

"Acha nikae kwanza, mpenzi. Miguu yenyewe siisikii."

"Nipumulie, Taavetti!"

Taavetti akapumua. Jamani, brandi haina siri! Sanelma alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga mlango wa chumba cha kubadilishia nguo. Huko nje Wafini wote wa New York walikuwa wanarusha kofia juu. Seremala wao, aliyeshuka melini miaka miwili tu iliyopita, alikuwa amewatimulia vumbi Wamarekani na Waairishi kwenye mbio za maili ishirini na sita.

"Nani kakupa?"

Taavetti akainama kufungua kamba za viatu.

"Mimi maili ya ishirini nilikupa chai ya baridi, kwa mkono wangu huu. Nani mwingine kakupa chupa?"

"Nilikunywa, Sanelma. Basi. Usiniulize zaidi."

"Baba yangu unajua alikufaje?"

"Najua."

"Hujui! Tulimkuta asubuhi kaganda kwenye theluji, hatua thelathini kutoka mlangoni, kaikumbatia chupa kama mtoto mchanga. Nilikuwa na miaka tisa. Nikaapa mnywaji hatanioa, hata awe nani. Wewe ukaja ukumbini kwa chama chetu cha kupinga pombe, ukatia sahihi mbele yangu kwamba pombe huigusi. Na Jumapili ijayo ndiyo harusi!"

"Nisamehe."

"Hakuna harusi."

Huyoo, akaondoka. Hasira hasara, lakini nani angemwambia siku ile?

Siku tatu alimenya viazi vya matajiri wake huku machozi yanadondokea kwenye beseni. Jumatano akaletewa kikaratasi: "Kesho jioni chama kinanijadili. Sitajitetea. Njoo au usije, bado ni wewe tu. T."

Jioni hiyohiyo kaka yake, Nestori, akabisha mlango wa jikoni. Nestori ndiye aliyekuwa mkufunzi wa Taavetti. Akamiminiwa kahawa, akaimwaga kwenye kisahani, akaipuliza weee, bila kunywa.

"Dada, umekonda."

"Sema lililokuleta."

"Wakufunzi wote wanafanya. Mkimbiaji akianza kuyumba, unampa brandi na ute wa yai. Maji wanasema yanamuua."

"Mungu wangu! Kumbe ni wewe uliyempa!"

"Mimi nilikuwa nyuma na baiskeli. Nilichanganya tu." Nestori hakuinua macho. "Aliyempa ni wewe."

"Nilimpa chai!"

"Chai ilikuwemo. Kidogo."

Kitambaa cha vyombo kilimpiga Nestori usoni, kikafuatiwa na kofi.

"Umenitumia mimi! Mimi, mtoto wa baba yuleyule uliyemzika!"

"Nilitaka ashinde, dada. Nilijua kwangu ataikataa, kwako hatakataa."

"Na yeye anajua?"

"Alijua palepale. Akaniambia nikikufungulia mdomo atanivunja meno. Alisema ukijua mkono wako ndio uliompa, hutalala tena."

Sanelma akakaa chini sakafuni, akalia kwa sauti.

Alhamisi, siku ya mapumziko ya wajakazi, ukumbi ulijaa. Bibi Fredrika, mwenyekiti wa chama, alikuwa ameshachovya kalamu kwenye wino.

"Taavetti, una neno?"

"Sina, Bibi."

"Mimi ninalo!" Sanelma alisimama. "Chupa nilimpa mimi. Aliyeichanganya ni kaka yangu. Kama ni kufuta majina, futeni yetu sote watatu."

"Kaa chini, Sanelma," Taavetti alisema.

"Sikai! Ulininyamazia mpaka nikakutukana!"

"Kwa sababu kosa ni langu pia. Funda la kwanza tu nilijua. Ningeweza kutema. Nilimeza, kwa kiu, na kwa tamaa ya kushinda. Mkono ulikuwa wako, koo ni langu."

Sanelma alimtazama. Baba yake hakuwahi hata mara moja kusema kosa ni langu.

"Utakunywa tena?"

"Hapana. Wakitaka nishindwe, nitashindwa."

Sanelma akawageukia watu. Uso ulimwiva mpaka masikioni, maana kwa Wafini neno alilotaka kulisema hata chumbani husemwa kwa shida.

"Nampenda. Andikeni na hilo."

"Hilo haliandikwi," Bibi Fredrika alijibu kwa ukali, akachora mistari mitatu. "Miezi sita, nyote watatu. Ukumbi huu hamuukanyagi, kwa harusi wala kwa msiba."

Basi Jumapili wakaoana, wakaenda kusherehekea jikoni kwa mwenye nyumba wa Taavetti, watu kumi na mmoja wamebanana baina ya jiko na kabati. Nestori alisimama pembeni kwa aibu, hakuna anayemsemesha.

Mlango ukagongwa. Bibi Fredrika huyo, mikate miwili mitamu ya iliki kwapani.

"Bibi! Si umetufuta?"

"Nimewafuta chamani. Kwenye moyo wangu nani kawafuta?" Akavua glavu. "Haya, sogea nipite. Na wewe Nestori, acha kununa, lete vikombe. Ila nitavinusa kimoja kimoja!"