Posa Aliyofichwa Mgonjwa

Mvua ilikuwa inanyesha kijijini Suma, kama kawaida yake. Tupokigwe alimpelekea mumewe uji na vidonge vya kisukari. Mzee Hezron alikunywa uji. Vidonge akavisukuma pembeni.

"Baba Lusungu, meza basi," mkewe alimbembeleza.

"Vya nini?" Mzee akageukia ukuta.

Tupokigwe alitoka nje. Wiki nzima mumewe alikuwa hataki dawa. Miguu ilikwishaanza kufa ganzi. Je, akimfia mikononi?

Wala hakuelewa kosa liko wapi. Tangu Hezron augue, ndugu walikubaliana kwamba mgonjwa asiwaze. Jembe walimnyang'anya. Ng'ombe alipozaa, hawakumwambia. Kisha Nelson alileta posa ya binti yao, Lusungu. Nelson alikuwa mmoja wa vijana waliopata riziki biashara ya mazao ilipofunguliwa kwa watu binafsi, akisafirisha ndizi hadi Dar es Salaam. Wazee wakaenda kujadili mahari kwa shemeji yake Ackson, mdogo wa Hezron, kimya kimya. Na kumbe kijiji kizima kilizoea kumwita Hezron kwenye mambo ya mahari!

Mchana ule alipita Stumai, muuguzi wa zahanati. Alikuwa mgeni kutoka Tanga, lakini Suma walimzoea.

"Mzee, nasikia umeacha dawa. Kwa nini?"

"Niambie wewe, mwanangu. Nakufa lini?" Hezron aliuliza. "Nikitokea, watu wananyamaza. Nawaona wakienda kwa Ackson. Wanagawana mali yangu."

"Hatugawani kitu!" Tupokigwe alipaza sauti. "Ni posa ya Lusungu!"

Akaziba mdomo, lakini neno lilikwishatoka.

"Posa ya mwanangu?" Hezron aliinuka kitini. "Na mimi bado napumua?"

"Tuliogopa kukuchosha," mkewe alisema, machozi yakimlengalenga.

Stumai alimshika mkono. "Mama, kisukari hakijamwondolea akili. Mtu asipoulizwa lolote, anaona hana kazi tena duniani. Huyo hata dawa ataiacha. Mshirikisheni mambo ya nyumbani. Kazi nyepesi mwachieni. Akichoka, atasema mwenyewe." Akamgeukia mzee. "Nawe kesho njoo zahanati tukupime. Na huzuni ikikuzidi, tuambie. Hiyo nayo tunaitibu."

Mawazo ya Hezron yalikuwa kwenye posa.

"Wanaleta ng'ombe wangapi?" aliuliza.

"Nelson anataka kutoa pesa tupu," mkewe alijibu.

"Pesa tupu! Na Ackson amekubali?"

"Amekaribia."

Mzee alivuta kikombe cha maji, akameza vidonge. "Waambie waje hapa. Jumapili, baada ya ibada."

Wakaja. Hezron alimuuliza Nelson habari za kila ng'ombe wa zizi la kwao, hadi kijana akatoa leso kujifuta jasho. Mwishowe ng'ombe walikubaliwa.

Kisukari hakikupona. Vidonge ni vya kila siku, na kila jioni mzee hukagua nyayo zake asije akawa na kidonda. Lakini majirani wamerudi kuuliza mambo yao, naye hulala akiyafikiria.

Jioni ile ya mahari, wageni walipoondoka, alisema, "Yule ndama mweusi wa kina Nelson simtaki. Mama yake hana maziwa."

"Mimi namtaka," alijibu Tupokigwe.

Walibishana hadi Lusungu akawaomba wapunguze sauti. Tupokigwe akaenda jikoni, akalia kwa furaha. Sebuleni, mumewe alikuwa bado anabisha.