Baga za Jumapili

Ujumbe uliingia mikono yangu ikiwa kwenye bakuli la nyama ya kusaga. Niliinamia simu nikausoma.

"Niko mlango wa nyuma. Nina baga tatu za moto na mboga zake. Fungua kabla Mama hajaingia jikoni."

Alikuwa mchumba wangu, mwalimu wa hesabu. Kwa miezi minne alimpelekea mama yake baga za jibini kila Jumapili, na karoti na maboga ya kuoka pembeni, akimwambia nimepika mimi. Kumbe alikuwa anazinunua mgahawani. Mimi ni fundi umeme, na kwangu mapishi yalikuwa yanaishia kwenye mayai. Uongo wenyewe niliujua wiki hiyo, Mama aliponipigia simu kunishukuru, akaniomba Jumapili nikapikie kwake, anione kwa macho yake, kisha tupange siku ya harusi.

Nilijifunza siku tatu mfululizo. Niliunguza nyama mpaka jirani akagonga mlango kuuliza kama kuna usalama. Lakini nilishasema napika, na ningepika.

Nikamfungulia mlango wa jikoni kwa mama yake.

"Utaniaibisha," alinong'ona.

"Mimi, au uongo wako?"

"Nilifanya kwa ajili yetu. Mama alisema mwanamke anayeshinda juu ya nguzo za umeme hawezi kujua jiko linawashwaje."

"Ungemwambia umenipenda hivyohivyo."

Mwalimu mzima, anayewafokea watoto wakinakili kazi za wenzao, amesimama na mfuko wa kazi ya mtu mwingine. Tukasikia ndara za Mama, akausukumia mfuko kabatini.

Mama aliingia, akavuta kiti, akanusa hewa mara mbili. Jiko lilikuwa bado halijawashwa. Alinitazama, kisha akamtazama mwanawe.

Niliendelea na kazi. Nilitengeneza madonge matatu, nikayabonyeza bapa na kuacha kishimo cha kidole gumba katikati ili yasivimbe. Karoti, boga na vitunguu nilivipaka mafuta na chumvi, nikavipanga kwenye trei na kuvitia kwenye oveni. Baada ya robo saa nilifungua mlango wake. Karoti zilikuwa baridi kama zimetoka sokoni.

"Hiyo ni mbovu tangu mwaka jana," Mama alisema. "Nilisahau kukwambia."

Mwalimu alinisogelea sikioni, uso umemng'aa.

"Tumepona. Sema oveni ndiyo imekuangusha, tutoe zile."

Ningeweza kusema hivyo. Mama angenihurumia, tungekula na kucheka, na mimi ningeolewa nikiwa mpishi asiyekuwepo. Niliwaza maisha yangu yote ya kumtafutia huyo mpishi visingizio, nikachoka kabla sijaanza.

Nikatoa bisibisi mkobani.

Nilizima umeme kwenye swichi kuu, nikaivuta oveni kutoka ukutani, nikafungua mgongo wake. Waya wa koili ya chini ulikuwa umeungua kichwa. Nikaukata, nikaumenya, nikaukaza upya. Dakika ishirini, na magoti yangu yamejaa vumbi. Nilipowasha, koili iliiva nyekundu. Mama alisimama akachungulia, akarudi kukaa.

Mboga zikaiva, kingo zikawa kahawia. Nilikaanga nyama, nikaweka vipande vya jibini juu na kufunika mpaka vikayeyuka, nikapasha mikate. Baga moja ilitoka imepinda upande. Nikaiweka kwenye sahani yangu.

Mama alitafuna taratibu.

"Hizi si zile," alisema.

"Si zile, Mama. Zile zilinunuliwa. Sijawahi kukupikia mpaka leo, na hizi nimejifunza wiki hii."

Nilimpenda yule mwanamume, na nilijua naweza kutoka pale bila yeye.

"Na ile harufu niliyokutana nayo nikiingia?"

Mwalimu alifungua kabati, akaweka mfuko mezani.

"Kuhusu siku ya harusi," nikasema, "mimi bado sijajibu." Nikamgeukia mwalimu. "Nakupenda. Lakini siolewi kwa sifa za mtu uliyemtunga. Mwambie Mama mimi ni nani."

Alimgeukia mama yake.

"Mama, huyu ni fundi umeme. Hakujua kupika. Nampenda, na niliogopa ungemkataa, nikakudanganya. Nisamehe. Na wewe nisamehe."

Mama alijifuta vidole.

"Baba yako alinidanganya kwa vitu vidogo kama hivi mpaka sikujua kikubwa ni kipi. Niliomba Mungu usifanane naye." Akausogeza mfuko mbele ya mwanawe. "Hizi ulizinunua wewe, kula wewe. Mimi na mkwe wangu tunakula zilizopikwa."

Mwalimu akala baga zilizopoa, zote tatu. Alipomaliza akakunja mikono ya shati, akaanza kuosha kikaango.

"Jumapili ijayo nani anapika?" Mama aliuliza.

"Mimi," mwalimu alijibu, akanigeukia. "Fundi, kile kishimo cha katikati unakifanyaje?"

Nikachukua nyama iliyobaki, nikamshika kidole gumba, nikamwonyesha.

"Fundi," Mama akasema, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita hivyo, "niongeze karoti, kisha mnitajie tarehe."

Tulimtajia.