Mikono Miwili ya Kushoto

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Pini alinusa kikombe cha mama yake. Kikinuka chai, siku ilianza vizuri. Kikinuka pombe, alikwenda moja kwa moja kwenye cherehani, akakagua nguo zilizoshonwa jana, akafumua kwa wembe palipopinda na kushona upya kwa mkono. Wateja walimwita Pini kwa wembamba wake. Hawakujua kwamba siku hizi yeye ndiye aliyeilinda sifa ya mama yake, fundi wa mtaa mzima.

Jumamosi hiyo kikombe kilinuka pombe. Pini alikunjua gauni la Mama Mikate, mwoka mikate wa mtaa wa pili. Mikono yote miwili ilikuwa ya kushoto! Mama alikuwa amekata bila kukigeuza kitambaa, na hakikubaki hata kipande cha kufunikia kifungo.

"Mama, amka! Gauni linachukuliwa leo."

"Mwambie naumwa kichwa," sauti nzito ilijibu nyuma ya pazia.

"Nilimwambia hivyo juzi."

"Basi mwambie tumbo. Mwanamume akilewa, watu husema kachoka. Mwanamke akilewa, husema kaharibika. Wakijua, nani ataniletea kitambaa?"

Pini hakutulia. Alipanga nyuzi, akazipangua. Alifagia alipokwisha kufagia. Mara alichungulia dirishani, mara aliipima tena mikono ile, kana kwamba mmoja ungejigeuza wenyewe. Alishika mkasi, akauweka.

"Hodi!" Mama Mikate aliingia kabla ya kukaribishwa. "Wewe Pini, unazidi kukonda! Upepo ukivuma si utashonea angani? Fundi yuko wapi?"

"Shikamoo. Mama anaumwa."

"Marahaba. Anaumwa nini tena?"

"Tumbo."

"Juzi kichwa, leo tumbo. Kesho utaniambia kisigino?"

Pini alitaka kucheka, akajikuta analia. "Mama anakunywa pombe," alisema. "Anajifungia, anakunywa peke yake. Mimi narekebisha, narekebisha, lakini gauni lako limenishinda."

Mama Mikate alirudi mlangoni, akaufunga, kisha akaketi. "Fundi, toka. Niko peke yangu."

Mama alitoka taratibu, macho chini. "Utanitangaza?"

"Nikutangaze mimi? Mwaka ule mikate yangu ilipokuwa ikiungua, mlidhani ni tanuri? Tanuri lilikuwa zima, shoga yangu. Mbovu nilikuwa mimi. Muuguzi wa zahanati ndiye aliyenisaidia. Vaa viatu twende. Na gauni lifanye la mikono mifupi. Mikono inayokanda unga haina haja ya kufichwa."

Mama alilitazama gauni. "Nikiufumua mkono mmoja, sehemu yake ya chini itatosha kukatia mkono mfupi wa kulia," alisema polepole. Kwa mara ya kwanza siku hiyo, ilikuwa sauti ya fundi.

Zahanatini, muuguzi hakumkaripia Mama. Alimuuliza kama anakunywa asubuhi, na kama mikono humtetemeka asipokunywa. Alipojibiwa ndiyo, akamwambia asiache ghafla peke yake, kwani mwili uliozoea pombe nyingi unaweza kudhurika. Angeiacha kwa dawa na uangalizi.

Safari haikuwa nyepesi. Mama aliteleza mara moja tu, akanywa tena, kisha akarudi zahanati mwenyewe. Miezi ilipita, cherehani ikaanza tena kuimba asubuhi, na Pini akapata nafasi ya kwenda kucheza na wenzake.

Siku moja mama alimpeleka kwa muuguzi. "Huyu ndiye aliyenisema," alisema huku akicheka.

Pini aliinamisha kichwa.

"Hakukusema," muuguzi alijibu. "Kumsema mtu ni kumpeleka kwa wanaocheka. Yeye alikupeleka kwa wanaotibu. Binti yangu, ulevi ni ugonjwa, na mtoto hawezi kuutibu kwa kuuficha. Ukiona mzigo wa mtu mzima umekuelemea, mwite mtu mzima mwingine unayemwamini. Huko si kumvunjia mama yako heshima. Huko ndiko kumpenda."