Sabuni Kwenye Bomba la Mafuta

Injini ya kiwanda cha bia ilijizima, ikafungua nati zake yenyewe, ikakunja mabomba, kisha ikashuka jukwaani kwa magurudumu yake na kushika njia ya kurudi ilikoundwa. Injini mbadala ilikuwa tayari inaingia getini. Katika Kituo cha Wito jijini Mbeya, kilichoziita injini mbovu zirudi kiwandani, watumishi walipiga makofi mbele ya ubao wa taa.

Mfumo huo ulikuwa kazi ya Injinia Tusekile. Zamani injini ikigundulika na kasoro, kampuni ilitoa tangazo, na wenye injini wakalipuuza mpaka watu waungue. Tusekile akaona dawa ni kuwaweka watu kando. Kila injini aliitia kinusa-mafuta. Kikinusa tone, kituo kilituma injini mbadala. Kikinusa mafuta yanamwagika, injini ilijizima na kuondoka papo hapo, wala hapakuwa na swichi ya kuizuia. Hilo la swichi alijivunia kuliko yote.

Safari hii mabomba ya mafuta ya toleo zima yalikuwa na ufa. Injini zote zilikuwa zimetoa taarifa isipokuwa moja, ile ya kufua oksijeni katika hospitali moja ya Tukuyu. Fundi wake alikuwa Ambakisye, kaka yake wa tumbo moja. Tusekile hakuamini bahati ya namna hiyo, akampigia simu.

"Kaka, injini yako haivuji?"

"Inavuja, mdogo wangu. Nimeipaka sabuni ya mche."

Marehemu baba yao alikuwa akiziba hivyohivyo tangi la pikipiki, Tusekile akimshikia kipande cha sabuni.

"Joto litaiyeyusha hiyo! Kwa nini lakini, kaka?"

"Unaniuliza kwa nini? Mwaka jana injini yenu ilinusa, ikajiondokea. Niliifukuza mpaka barabarani kama ng'ombe aliyekata kamba. Tulizika watoto wawili, Tuse. Nyie huko mlikuwa mnapongezana."

"Mwaka huu kuna injini mbadala. Ungeiacha inuse, ungeletewa. Ya mwisho ndiyo hiyo imeingia kiwanda cha bia."

"Sasa nani alituambia?"

"Taarifa ilitumwa."

"Kwa nani?"

"Kwa injini."

Nyuma ya Ambakisye injini iliendelea kunguruma.

"Naigeuza ile ya bia ije kwako," Tusekile alisema haraka. "Itafika jioni. Usiiguse hiyo sabuni, tafadhali."

"Tuse, inachuruzika."

Taa ya Tukuyu ikawaka nyekundu. Kwenye simu mngurumo ulififia, ukakatika, nati zikaanza kudondoka sakafuni. Tusekile alipapasa ubao mzima kutafuta cha kubonyeza, hali akijua hakipo. Taa ikageuka kijani, maana yake salama.

"Ya mwisho hiyo imetii!" mwenzake mmoja alishangilia, na chumba kizima kikapiga makofi.

Simu ilikuwa bado wazi. Ambakisye alikuwa akikimbia huku akipiga kelele aletewe mifuko ya kupumulia, ile ya kubana kwa mkono. Kisha ikasikika sauti ya muuguzi, ya upole kabisa.

"Ipo miwili, kaka Amba, na watoto ni watano. Nianze na nani?"