Vipimo Vilivyobaki Kwenye Simu ya Zamani

Fundi alikuwa mshonaji, na daftari hakulitaka. Daftari hulowa, hupotea, watoto huchana kurasa. Kwa hiyo alipompima mteja, aliandika vipimo palepale kwenye simu, pamoja na jina na namba: Muuguzi wa meno, kifua 38, kiuno 32, nyonga 42. Mteja akipiga simu, kioo kinatangaza kiuno chake kabla hajasema hodi. Mume wa fundi alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu. Lakini nguo zilikaa vizuri mwilini, na hilo ndilo wateja walilolitaka.

Siku hiyo alikuwa na kazi kubwa. Sare kumi na moja za wauguzi, zinatakiwa kesho saa sita mchana. Kitambaa kililetwa na hospitali, kimetosha bila kuzidi hata kipande. Wauguzi wenyewe walikuwa wamepimwa wiki mbili nyuma, na watatu kati yao walikuwa safarini, wangerudi kesho hiyohiyo.

Asubuhi alikuwa amebadilisha simu. Ya zamani betri yake ilikuwa haikai na chaji hata kwa saa tatu. Mumewe akamletea mpya, ya kampuni nyingine kabisa. Fundi akatoa laini kwenye ya zamani, akaitia kwenye mpya, akaona amemaliza. Wifi yake, mpishi wa shule ya jirani, alipopita kwenda kazini, Fundi akamkabidhi ile ya zamani.

"Wifi, ichukue. Neno la siri nimekuandikia hapa. Futa kila kitu, iwe yako."

"Mungu akuzidishie, wifi yangu!"

Saa nne akatandika kitambaa mezani. Akashika chaki, akafungua simu mpya kutafuta vipimo. Majina kumi na tisa tu. Yalikuwa ya zamani, mafupi, mengine ya watu aliokwisha kuwasahau. Muuguzi hata mmoja hakuwepo.

Akazima simu, akawasha. Kumi na tisa.

Akataka kumpigia wifi yake amzuie. Namba ya wifi haikuwepo. Akataka kumpigia mumewe. Nayo haikuwepo! Miaka kumi na minne ya ndoa, na namba ya mume haijui kichwani. Akabahatisha. Akapokea mzee mmoja aliyemuuliza saruji italetwa saa ngapi.

Fundi akafunga mlango, akatoka mbio na chaki mkononi.

Alimkuta wifi yake jikoni shuleni, anaosha mchele.

"Wifi, simu iko wapi?"

"Nimeiacha kwa yule dada fundi simu, karibu na duka la dawa. Nimemwambia aisafishe."

"Ameshaifuta?"

"Tangu saa mbili iko kwake. Si umesema nifute? Kuna nini?"

"Kazi yangu yote imo mle!"

Wifi akaacha mchele kwenye maji. Wakatoka wote wawili. Fundi alitembea huku anajisuta njia nzima. Atawaambia nini wauguzi? Akikata kwa kukisia na kukosea, kitambaa kingine atakitoa wapi?

Fundi simu alikuwa ameinama na bisibisi. Simu ya zamani ilikuwa mbele yake, imechomekwa kwenye umeme.

"Dada, umefuta?" Fundi aliuliza.

"Bado. Imekuja haina chaji. Halafu mimi sifuti simu mpaka mwenyewe aniambie ameshahamisha vitu vyake. Wifi yako nilimuuliza, akaniambia, 'Wewe futa tu,' akaondoka."

Wifi akatazama pembeni. Fundi akajibwaga kwenye benchi.

"Lakini mimi nilihamisha laini," akasema.

"Laini ni namba yako tu, mama. Ina nafasi kidogo, inashika majina machache, tena mafupi. Wewe umeandika majina marefu kama barua. Hayo yalikaa ndani ya simu yenyewe. Picha pia, na ujumbe."

"Sasa yatahamia vipi? Hizi si za kampuni moja."

"Ndiyo maana watu wengi hukwama. Lakini majina tunaweza kuyakusanya yote kwenye faili moja, tukalituma kwenye simu mpya. Itayasoma, hata kama ni ya kampuni nyingine. Kwanza tuhesabu. Hapa yako mia mbili thelathini na moja."

Akabonyeza hapa na pale. Simu mpya ikaanza kupokea. Fundi akaitazama bila kupepesa macho.

"Yamefika," akasema fundi simu.

"Basi tufute?" Wifi aliuliza.

"Ngoja! Hesabu kwanza. Kisha fungua machache uone kama yamekuja kamili."

Fundi akahesabu. Mia mbili thelathini na moja, mbali na yale ya laini. Akafungua la muuguzi wa meno. Kifua kipo. Kiuno kipo. Nyonga ipo. Akafungua yote kumi na moja, na yote yalikuwa kamili. Machozi yakamtoka mbele za watu.

"Sasa tuyaweke na kwenye akaunti yako ya barua pepe," akasema fundi simu. "Simu hii hata ikianguka mtoni, utayapata. Picha zako nazo tuzihamishe. Kisha tutoke kwenye akaunti zako zote kwenye simu ya zamani, ndipo tufute. Na neno la siri usimwandikie mtu, hata wifi."

"Hata wifi?" Wifi akauliza.

"Hasa wifi," akajibu fundi simu, wakacheka.

Fundi alikata na kushona mchana wote, na asubuhi yake pia. Saa sita wauguzi wakaja. Wa mwisho kujaribu alikuwa muuguzi mkuu, mama mnene asiyeficha neno. Akafunga vifungo vyote. Akanyanyua mikono juu, kama anatundika chupa ya dripu. Fundi akabana pumzi.

"Hapavuti popote," akasema muuguzi mkuu. "Wodi ya watoto nao wanataka. Nawaleta Jumatatu."

"Karibuni sana," akajibu Fundi.

Mlango ulipofungwa, akakaa chini sakafuni, katikati ya vipande vya nyuzi, akapumua.