Gari la Miezi Kumi na Minane

Jumamosi saa nne asubuhi, yadi ya magari yaliyotumika ilikuwa imefurika watu utadhani magari yanagawiwa bure. Wanaume walikuwa wanapiga mateke matairi, maana mwanamume akikosa la kusema mbele ya gari hupiga teke tairi. Spika ya mwenye yadi ilikuwa inakoroma bei. Katikati ya zogo hilo akapita mkaguzi wa magari ya umeme, kijana mrefu mwenye ovaroli ya bluu iliyopigwa pasi mpaka kwenye mifuko. Akaona buti la gari moja jeupe limeachwa wazi. Akalifunga. Paa!

Zikapita sekunde mbili. Halafu buti likapiga hodi.

"Wewe uliyefunga!" Sauti ya mwanamke ilitoka ndani. "Fungua kabla sijapiga ukunga! Mimi ni mkunga, kelele nimejifunza kwa wataalamu!"

Akafungua mbio. Humo ndani alikuwa amejikunja dada mmoja wa gauni la rangi ya haradali na raba nyeupe, futi ya kupimia imening'inia shingoni kama ya fundi cherehani. Nywele alizibana vizuri asubuhi. Sasa nusu yake ilikuwa imeamua kujitegemea.

"Dada yangu, samahani sana. Unafanya nini humu?"

"Napima."

"Wenzako huanza na usukani."

"Wenzangu hawana mama wa nyonga mbovu. Kiti chake cha magurudumu kikikunjwa kinakuwa kama mimi nikijikunja. Nikiingia mimi, kinaingia. Nishike mkono basi, mguu umekufa ganzi."

Akamshika mkono. Mguu ulipona baada ya dakika moja, lakini mkono ulichelewa kuachiwa, na hakuna aliyelalamika.

"Kazi yako hapa ni nini," mkunga akauliza huku anajipangusa vumbi, "kufungia watu?"

"Hiyo ya ziada. Ninakagua magari ya umeme. Mteja ananilipa yeye, siyo muuzaji, halafu ninampimia betri na kumwambia ukweli."

"Ukweli wote?"

"Ukurasa wa kwanza mpaka wa nne."

Akaajiriwa palepale, na masharti akapewa amesimama. Familia ya watu watatu: mkunga mwenyewe, mama yake, na binti wa miaka saba anayetapika kwenye gari lolote linaloyumba. Gari liwe la umeme, kwa sababu zamu zake zimetawanyika kwenye kliniki tatu. Na alilitaka kwa miezi kumi na minane tu. Alikuwa ameshika nafasi ya mwenzake aliyekwenda kusoma. Mwenzake akirudi, yeye anafungasha mama, mtoto na sufuria, anahamia kituo kingine, mbali.

"Kwa hiyo sitaki gari la kupenda," akamaliza. "Nataka gari la kuuza."

"Umenena kama mkaguzi," akasema. "Gari la muda mfupi usimchagulie mwenye gari. Mchagulie jirani yake, maana ndiye atakayekuja kulinunua. Liwe na waranti ya betri inayomfuata mnunuzi, liwe la aina ambayo kila mtu anaijua, na rangi isiwe ya kuombea radhi."

"Na moyo?"

"Moyo uuache nyumbani."

Alisema hivyo akiwa anautafuta wa kwake kifuani na hauoni.

Jumamosi tatu walizunguka yadi na vibaraza vya watu. Mkaguzi alichomeka kifaa chake chini ya usukani, akasoma namba: betri hii imebaki na asilimia themanini na moja, imechoka, hii tisini na tatu, imelelewa vizuri, hii imechajiwa haraka haraka kila siku kwenye jua kali, mwenyewe anasema ilikuwa ya bibi mmoja wa kwenda kanisani tu. Katika gari la tatu binti alitapika. Gari la umeme, ukiachia pedali ghafla, linajivuta lenyewe kama punda aliyekumbuka kitu nyumbani. Mkaguzi alipangusa siti, akapunguza ule mvuto kwenye skrini, akamwambia mtoto, "Kosa langu, siyo tumbo lako." Mkunga aliyasikia maneno hayo kutoka siti ya nyuma. Akageuza uso dirishani, akajifanya anasoma vibao.

Simu zikaanza. Mwanzoni zilikuwa za kazi.

"Halo fundi, lile la jana linachaji kwenye soketi ya kawaida?"

"Linachaji. Usiku mzima, lakini linachaji. Umekula?"

"Hilo nalo limo kwenye ukaguzi?"

"Ukurasa wa pili."

Wiki iliyofuata zilikuwa simu za mapumziko ya mchana, yeye amekaa kwenye ngazi za kliniki, mwenzie yuko chini ya gari la mtu.

"Nimezalisha mapacha asubuhi hii. Baba yao amezimia kabla ya mama."

"Mimi pia ningezimia, mpenzi."

"Umeniitaje?"

"Nimesema mteja."

"Fundi, masikio yangu ni mazima."

"Basi umesikia vizuri, mpenzi."

Yakabaki magari mawili. La kwanza lilikuwa lile jeupe la mwanzo, dogo kiasi, betri tisini na moja, gari la watu wote. Ukiliweka sokoni asubuhi, mchana limeshaondoka. La pili, la yadi hiyo hiyo, lilikuwa la kijani, refu, tulivu kama zulia, siti zake juu, buti unaweza kupangisha. Mama mtu alipanda mara moja, akatulia, akasema, "Nyonga imenyamaza." Lakini kampuni ilikuwa imeacha kulitengeneza, vipuri vilikuwa vya kuagiza, na mjini hapo yalikuwepo matatu tu. Gari la kuzeeka nalo, hilo. Kwa mtu wa miezi kumi na minane, jibu lilikuwa jeupe, hata mtoto wa chekechea angejibu.

Mkaguzi alikaa mezani kwake mbele ya fomu. Kwenye kisanduku cha muda wa umiliki aliinua kalamu, akamuona akilini mkunga akifungasha sufuria. Akaandika: miaka kumi. Ukishaandika miaka kumi, hesabu zote zinageuka zenyewe. Chini kabisa akapendekeza la kijani, akatia sahihi, akanywa maji glasi mbili.

Mkunga alisoma mstari wa mwisho tu. Kwa nini asome mengine? Alimwamini, akalinunua la kijani.

Miezi miwili mizuri ikafuata. Wanandoa wa miaka ishirini hawacheki vile walivyocheka wawili hawa kwenye foleni ya kuchaji. Mama mtu alianza kumwita mkaguzi "mwanangu" na kumtuma balbu.

Halafu dereva wa ambulansi akaliona gari la kijani kwenye maegesho ya kliniki.

"Sista, gari hili ni chuma kweli! Utazikwa nalo."

"Nitaliuza mwakani."

Dereva alicheka mpaka akatafuta mahali pa kukaa. "Utamuuzia nani? Yako matatu mjini, na wenye yale mawili mengine nao wanatafuta mteja. Nani alikushauri?"

Mkunga aliitoa ile ripoti kwenye droo ya gari. Kwa mara ya kwanza akafika ukurasa wa tatu. Akausoma akiwa amesimama. Kisha akapiga simu.

"Kipenzi!" mkaguzi akapokea.

"Kipenzi mwambie mwenye yadi. Amekupa kiasi gani?"

"Nani? Kunipa nini?"

"Ukurasa wa tatu. Muda wa umiliki, miaka kumi. Nilikwambia miezi mingapi?"

Hapo ndipo angesema ukweli. Alikuwa nao mdomoni. Lakini mwanamume akishikwa, ulimi wake hukimbilia mlango ulio karibu.

"Itakuwa... nilikosea kuandika."

"Mtu anayejua betri imebaki asilimia ngapi hajui tofauti ya miezi kumi na minane na mia na ishirini? Umekula kamisheni kwa mgongo wa mama yangu na nyonga yake. Usinipigie tena."

Hakupiga. Alituma ujumbe, ukasomwa, haukujibiwa. Kwenye kliniki mkunga alizalisha watoto tisa wiki hiyo, na wote, wakunga wenzake wakasema, walitoka haraka kwa kuogopa uso wake. Nyumbani mama yake aliuliza mara moja tu, "Yule wa balbu vipi?" Akajibiwa kwa mlango wa jikoni kubamizwa.

Wiki ya tatu, Jumanne saa nane mchana, zamu imekwisha. Mkunga alitoka na sare yake ya zambarau iliyokunjamana, akaelekea kwenye gari la kijani ambamo mama yake na binti walikuwa wanamsubiri. Pembeni yake lilikuwa limeegeshwa jeupe, pacha wa lile la mwanzo. Mkaguzi alisimama mbele yake. Ovaroli haikuwa imepigwa pasi, na hilo peke yake lilimshtua.

"Dakika tano," akasema. "Ukitaka niondoke kwenye ya pili, naondoka."

"Moja imeisha."

"Mwenye yadi amekubali kubadilisha. La kijani analichukua, jeupe ni lako, huongezi kitu. Mimi namkagulia magari yake bure Jumapili zote mpaka mwisho wa mwaka. Siti ya mbele nimeinyanyua vidole vinne kwa ajili ya mama. Hii hapa ripoti, miezi kumi na minane, kila ukurasa. Hili ndilo nililotakiwa kukuchagulia."

"Kwa hiyo kamisheni umeirudisha."

"Sikula kamisheni. Nilikuchagulia gari lisilouzika ili ushindwe kuondoka."

Mkunga akamtazama. Muuguzi mmoja aliyekuwa anapita akapunguza mwendo, akaona macho yale, akaongeza tena.

"Hiyo ni mbaya zaidi," mkunga akasema polepole. "Rushwa ningekusamehe tangu wiki iliyopita. Unajua kazini nasikia nini kila siku? Mume kasimama mlangoni: mfanyieni hivi, mpeni kile, atataka hiki. Na mke yupo hapo hapo, macho wazi, mdomo anao! Hamuulizi yeye."

"Ni kweli."

"Ungeniuliza."

"Nikuulize nini?"

"Kama nataka kubaki, mjinga wewe!"

Mkaguzi akavuta pumzi. "Unataka kubaki?"

"Sasa hivi? Na hasira hizi? Hapana!"

Halafu mkunga akabanwa na kicheko, akajaribu kukimeza, kikatokea puani. Mkaguzi hakuthubutu kucheka. Alicheka kwa mabega tu.

Kioo cha gari la kijani kikashuka. "Mimi sishuki humu," mama mtu akatangaza. "Mkaachane, mkarudiane, nyonga yangu ibaki hapa."

"Mama, jaribu kukaa mara moja tu," mkaguzi akaomba. "Ukisema hapana, nalirudisha."

Bibi akateremshwa kwa maneno mengi, akaingizwa kwenye gari jeupe. Akajitikisa kushoto. Akajitikisa kulia. Akafumba macho kama anayeonja chumvi. "Vidole vinne?"

"Vinne, mama."

"Ungeweka vitano. Lakini panafaa." Akajifunga mkanda mwenyewe, na binti akapanda nyuma bila kuambiwa.

Mkunga alisimama katikati ya magari mawili. La kijani lilikuwa linang'aa juani, zuri kweli. Alilipapasa kidogo kwenye bega la mlango, akatoa ufunguo wake mfukoni, akaudondosha kwenye kiganja cha mkaguzi.

"Nachukua jeupe."

"Sawa," akasema. Uso ulimwanguka, lakini aliusimamisha. "Ni uamuzi mzuri. Litauzika siku hiyo hiyo."

"Najua. Ndiyo maana nalichukua." Akamsogelea mpaka harufu ya sabuni ya hospitali ikakutana na ya grisi. "Nisikilize vizuri. Nikikaa na gari lisilouzika, sitajua kamwe kama nimebaki kwa ajili yako au kwa ajili ya gari. Na hili hapa, naweza kuondoka wiki yoyote. Kwa hiyo kila asubuhi ukiniona bado nipo, utajua ni kwa nini. Na mimi nitajua."

Mkaguzi aliukunja mkono juu ya ule ufunguo.

"Una miezi kumi na mitano," mkunga akasema. "Kliniki ya pili wanatafuta mkunga wa kudumu. Fomu sijachukua, na wewe usinichukulie! Kazi yako ni kunifanya nitamani kuichukua."

"Naanza lini?"

"Ulitakiwa uwe umeshaanza, mpenzi."

Akajikohoza, akanyoosha ovaroli iliyokunjamana kama bwana harusi, akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza kwa mara ya kwanza maishani mwake na anayetaka kweli kusikia jibu:

"Kesho mchana, ungependa kula na mimi?"

Mkunga alikuwa bado anafikiria namna ya kumchelewesha kidogo, ateseke, pale kioo cha gari jeupe kiliposhuka.

"Saa saba!" mama yake akapaza sauti. "Na mimi nakaa mbele!"