Isale Iliyoliwa na Mbuzi

Kila asubuhi ya likizo, Anande alifuatana na mama yake hadi soko la Kwa Mrombo mjini Arusha kufungua belo la mitumba. Kazi yake ilikuwa kutenganisha: magauni huku, suruali kule, nguo za watoto juu ya turubai. Mama hakuchoka kumkumbusha binti yake kwamba zamani hata kipande cha sabuni kilipangiwa foleni tangu alfajiri. "Siku hizi biashara ruksa," alisema. "Macho yako tu."

Siku hiyo macho ya Anande yalifanya kazi kwelikweli. Chini kabisa ya belo aliibua raba nyeupe zenye mistari ya bluu. Akazivaa, akarukaruka mbele ya wateja bila aibu.

"Mama, hizi ni za mwaka mpya. Safari hii hanipati mtu!"

"Raba nimeziona," alisema Mama huku akikung'uta koti. "Na Nashipae je?"

Anande akainama kufunga kamba ambazo zilikwisha fungwa.

Nashipae alikuwa binti wa Mzee Sironka, Mwarusha mwenye boma ng'ambo ya korongo. Tangu darasa la kwanza yeye na Anande walikaa dawati moja, na katika mbio za kupokezana vijiti Nashipae alikimbia wa tatu, Anande wa mwisho. Mwezi wa kumi walishindana na shule jirani. Nashipae alifika akiongoza, akanyoosha mkono, na kijiti kikaanguka chini. Wakashindwa. Anande, hasira zikiwa zimempanda hadi utosini, alipayuka mbele ya shule nzima: "Kukimbiza mbuzi si kukimbia mbio! Rudi kwenu ukachunge!"

Watoto waliangua kicheko. Tangu siku hiyo wavulana wakamwita Nashipae "Mama Mbuzi", naye akahama dawati na kuacha mazoezi. Mwalimu Eliya, mwalimu wa michezo, alitangaza kwamba Januari wangerudiana na shule ile ile, lakini akaongeza, "Bila Nashipae sipeleki timu. Mbio za vijiti hazikimbiwi na mtu mmoja." Basi Anande alikuwa na raba, na timu hana. Lililomuuma zaidi ni kwamba rafiki naye hakuwa naye.

Kama ilivyo desturi ya Wachaga, Krismasi haikuwakuta mjini. Walipanda basi kwenda Machame kwa Bibi, na huko Mama akamwaga habari yote kabla hata ndizi hazijaiva jikoni. Bibi hakugomba. Alitoka hadi mpakani mwa shamba, akachuma jani refu la isale, akampa mjukuu wake.

"Kwetu, mtu akikujia na isale mkononi, humkatai, hata akiwa amekukosea vipi. Nenda nalo kwa mwenzako."

Anande alilifunga jani lile kwenye kitambaa chenye unyevu, kwa uangalifu kama yai. Moyoni aliona mambo yamekwisha. Jani lingesema, yeye angenyamaza. Ungetaka msamaha gani rahisi kuliko huo?

Waliporudi Arusha, mwaka ukiwa umebakiza siku moja, alivuka korongo hadi kwenye boma la Mzee Sironka. Akasikia sauti ya Nashipae akicheka ndani na wadogo zake. Ujasiri ukamwisha pale pale. Akalichomeka jani kwenye miiba ya lango, akageuka, akatoka mbio ambazo, kama kungekuwa na mwamuzi, zingempa ushindi.

Sikukuu ya mwaka mpya, baada ya kanisa, alimwekea Nashipae sahani ya pilau, akakaa mlangoni akimngoja, akiamini jani lingemleta. Pilau ikapoa. Nashipae hakuja.

"Amekataa isale, Mama!" alilalamika Anande. "Bibi alisema haikataliwi!"

Kesho yake walikutana bombani, kila mmoja na ndoo yake. Anande hakuweza kujizuia.

"Isale yangu umeifanyaje?"

"Isale ndiyo nini?"

"Lile jani refu, langoni kwenu."

"Ahaa!" Nashipae alitua ndoo. "Kumbe wewe! Mbuzi wa mama amelila lote. Mama alidhani limeletwa na upepo."

"Nilikuwa naomba msamaha," Anande alisema kwa sauti ndogo.

Nashipae alimtazama. Macho yake yalikuwa na machozi, lakini sauti ilikuwa imara. "Ulinitukana mbele ya shule nzima, Anande. Kuniomba msamaha, ukamtuma mbuzi?"

Akajitwisha ndoo yake, akaenda zake.

Jioni Anande alilia, akamweleza mama yake kila kitu, hata lile alilokuwa amelificha tangu mwezi wa kumi: siku ile yeye ndiye aliyechomoka mapema, kabla kijiti hakijafika mkononi. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, umeuandalia mwaka mpya miguu," alisema. "Moyo umeuacha mwaka jana. Hata mimi singekuja kula hiyo pilau."

Siku ya kufungua shule, wanafunzi walipanga mistari, wakaimba wimbo wa taifa. Kabla hawajaruhusiwa kuingia madarasani, Anande alitoka mstarini. Alinyoosha sketi yake mpya, akamwendea Mwalimu Eliya.

"Shikamoo, Mwalimu. Naomba kusema neno."

Mwalimu Eliya alishangaa, kisha akampisha.

"Mwaka jana nilimwambia Nashipae maneno mabaya hapa hapa," alianza Anande. "Kijiti kiliangushwa na mimi. Niliondoka mapema. Yeye hakukosea kitu, tena ndiye aliyetufanya tuongoze. Nashipae, nisamehe. Na anayemwita lile jina, aache, kwa sababu chanzo chake ni mimi."

Mvulana mmoja alijaribu kucheka, akajikuta peke yake, akageuza kicheko kuwa kikohozi.

Ndipo Nashipae akatoka mstarini. Aliinama ukingoni mwa uwanja, akang'oa majani mabichi, akayaweka kiganjani mwa Anande na kuufumba mkono wake juu yake.

"Sisi tukitaka amani tunashika majani," alisema. "Haya hayaliwi na mbuzi, maana umeyashika mwenyewe."

Shule nzima ikapiga makofi. Anande alilia mbele ya watu wote na hakuona haya.

Wiki mbili walifanya mazoezi kila jioni, Mlima Meru ukiwatazama. Anande alijifunza kusubiri, mkono nyuma, mpaka asikie Nashipae akiita, "Shika!" Siku ya mashindano, mkimbiaji wao wa pili alifika akiwa nyuma kwa hatua nyingi. Nashipae akapokea, akampita mpinzani kwenye kona. "Shika!" Kijiti kikatua mkononi, na Anande akachomoka. Zile raba ziligusa ardhi kidogo tu. Alipokata utepe, mpinzani wake alikuwa bado nyuma, na shule nzima ilikuwa imeingia uwanjani ikipiga vigelegele. Mama alitupa kitenge chake hewani, na Mzee Sironka, mtu asiyecheka ovyo, alicheka mpaka akaegemea fimbo yake.

Mwalimu Eliya aliwakumbatia wote wanne.

"Sikieni, wanangu," alisema. "Kila Januari watu hununua sare na viatu, wakasema wako tayari. Sare hununuliwa dukani, roho hainunuliwi. Ukitaka kuuingia mwaka mpya vizuri, kwanza tengeneza ulichoharibu mwaka wa zamani, nacho ukitengeneze kwa mdomo wako mwenyewe. Anande alifanya hivyo, ndiyo maana leo tuna kikombe."

"Asante, Mwalimu," alijibu Anande.

Nashipae akamsogelea sikioni. "Lakini mwambie Bibi asiache kuleta isale," alisema. "Yule mbuzi bado anakuulizia."